Chungu cha Nyanya na Pipa la Divai: Ntsiki Biyela katika Historia ya Vileo vya Wanawake wa Kiafrika

Makala haya yalianzia darasani. Katika zoezi moja la istilahi tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu karatasi ya nyuma ya chupa ya divai iliyotoka Afrika Kusini na kununuliwa dukani hapa Goma, tukawaomba wayatie maandishi yake katika Kiswahili. Maandishi yenyewe, yaliyokuwa ya Kifaransa, hayakuzidi mistari minane. Kazi zilizorudi zilikuwa na Kiswahili mwanzoni na mwishoni, na katikati Kifaransa kitupu: *tanin*, *bouquet*, *robe*, *fût de chêne*. Tulipouliza sababu, kijana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mambo haya ni ya Wazungu. Kiswahili hakina maneno yake kwa sababu wazee wetu hawakuifanya kazi hiyo." Darasa zima likakubaliana naye, isipokuwa msichana mmoja wa nyuma ambaye alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake hupika pombe ya mtama, na kwamba maneno hayo anayo.

Hoja ya kijana ni ya historia kabla ya kuwa ya lugha, na ndiyo tunayokusudia kuichunguza hapa. Je, ni kweli kwamba Mwafrika, na hasa mwanamke wa Kiafrika, aliikuta kazi ya divai akiwa mikono mitupu? Mfano tutakaoutumia ni wa Ntsiki Biyela, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye anatajwa kila mahali kama mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuwa mtengeneza divai mkuu. Habari zake zimeandikwa sana magazetini, na karibu zote zimeandikwa kama hadithi ya muujiza: msichana wa kijijini ambaye hajawahi kuonja divai anapata msaada wa masomo, kisha anashinda medali. Matukio hayo ni ya kweli. Lakini mtu akiishia hapo hawezi kueleza ni kwa nini msichana huyo alikuwa hajawahi kuonja divai, wala ni nani walioitunza elimu ya vileo katika nchi yake kabla hajazaliwa.

*Maneno mawili ya divai*

Kabla hatujafika Afrika Kusini, inafaa tutazame maneno tuliyo nayo wenyewe. Kiswahili kina *mvinyo* na *divai*. La kwanza limetoka katika Kireno, *vinho*, na lilifika pwani pamoja na mabaharia na askari wa Kireno baada ya mwaka 1498. Neno *pipa* nalo limepita njia hiyohiyo. Kwa muda mrefu *mvinyo* pwani halikuwa na maana ya maji ya zabibu peke yake, bali liliitwa pia kwa pombe kali ya kigeni ya aina yoyote. *Divai* limetoka katika Kifaransa *du vin*, na si ajabu ikiwa lilipitia Kimalagasi, ambacho kina *divay* kwa maana ileile. Makanisa yaliyashika maneno hayo mawili na kuyagawa. Katika Biblia ya tafsiri ya Union ya mwaka 1952, arusi ya Kana inaishiwa *divai*, ilhali onyo la Mithali juu ya ulevi linatolewa kwa *mvinyo*. Yaani kinywaji ni kimoja, lakini neno la altare limetengwa na neno la kilabu.

Huku kwetu Kivu, Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walilieneza neno *divai* pamoja na Misa, na wazee wetu wengi waliijua divai kwa kuiona katika kikombe cha padri kabla ya kuionja popote. Hata mizabibu ya Dodoma, ambayo leo ndiyo fahari ya Tanzania katika jambo hili, ilianza katika misheni ya Kikatoliki ya Bihawana. Kwa hiyo kijana wetu hakukosea kabisa: mzabibu ni mgeni, na majina ya maji yake ni mageni. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba kazi yenyewe, yaani kugeuza tunda au nafaka kuwa kileo kinachoheshimika, nayo ilifika kwa meli.

*Kazi ya nani?*

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wameunda upya mzizi wa kale wenye maana ya pombe, ambao unaonekana katika Kibemba *ubwalwa*, katika Kitswana *bojalwa* na katika Kizulu *utshwala*. Kinyarwanda huita pombe ya ndizi *urwagwa* na Kirundi *urwarwa*, na msomaji atavutiwa kuliweka neno hilo katika orodha hiyo. Sisi tunaliacha pembeni kwa sasa, maana kufanana kwa sura peke yake si ushahidi. Kiswahili chenyewe kimekwenda njia nyingine kwa neno *pombe*. Hata hivyo umbali kati ya Wabemba na Wazulu unatosha kutuonyesha kwamba elimu hii ni kongwe kuliko mipaka yetu.

Nani aliyekuwa na elimu hiyo nyumbani? Hapana budi tujihadhari na jibu la haraka. Katika milima ya Kivu na Rwanda, kukamua ndizi za *kasiksi* aghalabu ni kazi ya wanaume: ndizi huvundikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba kwa siku kadhaa, humenywa, hukandwa pamoja na nyasi hadi maji yatoke, kisha maji hayo hutiwa unga wa mtama uliokaangwa ili yachachuke. Pombe ya mtama, kinyume chake, ni ya wanawake tangu kulowesha mbegu hadi kuchuja. Na uuzaji wa rejareja, katika mabidoni ya njano, kwa kiasi kikubwa umo mikononi mwa akina mama. Kwa Wazulu mambo ni wazi zaidi. *Utshwala* wa mtama au mahindi ni kazi ya mwanamke mwanzo hadi mwisho. Hutolewa katika chungu cheusi kiitwacho *ukhamba*, na desturi inataka aliyeupika aonje kwanza mbele ya wageni. Desturi hiyo ina maana ya usalama, lakini ina maana ya ufundi pia, kwa kuwa mpishi huthibitisha mbele ya watu wote kwamba anajua alichokitengeneza.

*Sheria inaingia chunguni*

Ufundi huo ulinyang'anywa kwa sheria. Mwaka 1908 koloni la Natal lilipitisha sheria iliyoziruhusu manispaa kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Durban ilianza kuitumia mara moja. Manispaa ikawa mpishi pekee halali. Mwanamke aliyepika nyumbani kwa ajili ya kuuza akawa mhalifu. Na faida ya vilabu vya manispaa ikalipia mabweni, polisi na utawala wa Waafrika haohao mjini. Mfumo huo ulipata sifa kwa watawala hata ukaitwa "mfumo wa Durban", kwa sababu uliwafanya wanaotawaliwa wagharamie kutawaliwa kwao kwa kunywa.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki moja kwa moja. Mapema katika miaka ya 1920 Nairobi iliiga mfano wa Durban kwa kufungua kilabu cha manispaa katika mtaa wa Pumwani, mtaa uliokuwa miongoni mwa vituo vikuu vya Kiswahili mjini humo, na wanawake waliokuwa wakijikimu kwa pombe wakaanza kukimbizana na askari. Dar es Salaam ilifuata njia ya upole kidogo kwa kuwatoza ada wapishi katika soko la pombe. Si bahati kwamba Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka 1955 kuwaandikisha wanawake katika TANU, wapishi na wauzaji wa pombe walikuwa miongoni mwa waliokuwa tayari kumsikiliza. Walikuwa wameshajua serikali ya kikoloni ina sura gani inapobisha hodi mlangoni.

Huko Natal wanawake walipinga waziwazi mara mbili. Mwaka 1929, wakati wafanyakazi wa Durban walipogomea vilabu vya manispaa, wanawake wa miji midogo ya bara waliviingia vilabu kwa fimbo na kuwatoa wanywaji. Mara ya pili ilikuwa Juni 1959 katika mtaa wa mabanda wa Cato Manor, ambako askari na watumishi wa manispaa walikuwa wakivunja mapipa ya wanawake na kumwaga pombe. Wanawake, wakiwemo viongozi kama Dorothy Nyembe, waliandamana hadi kwenye vilabu vya manispaa, wakawafukuza wanaume na kuvunja vyombo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mshahara wa mume unaishia katika kilabu cha serikali, nayo serikali hiyohiyo inamkataza mke kupika kile ambacho mama yake alimfundisha kupika.

Katika upande wa divai ukuta ulikuwa mwingine. Mizabibu ya kwanza ya Rasi ilipandwa mwaka 1655 na Waholanzi wa Jan van Riebeeck, na divai ya kwanza ikakamuliwa Februari 1659. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa, baadhi yao wakiwa wametolewa Msumbiji na Madagaska, na baada ya utumwa kukomeshwa katika miaka ya 1830 vibarua waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa divai yenyewe, desturi iliyojulikana kama *dop*. Madhara yake kwa watoto wanaozaliwa na mama waliokunywa yanaonekana katika jamii za Rasi hadi leo. Sheria ya vileo ya mwaka 1928 nayo iliwazuia Waafrika weusi kununua divai na pombe kali, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1962. Msomaji wa Kongo atakumbuka kwamba mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikuwa umeufunga mlango wa pombe kali kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili, Kongo ya Wabelgiji ikiwemo. Mikono myeusi ilichuma zabibu na kuosha mapipa kwa karne tatu. Kilichokatazwa ni kuonja na kuamua.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu la kwanza. Msichana wa Mahlabathini hakuijua divai kwa sababu taifa zima lilikuwa limepangwa ili asiijue.

*Kutoka Mahlabathini hadi Stellenbosch*

Ntsiki Biyela alilelewa na nyanya yake, Aslina, katika kijiji cha Mahlabathini, KwaZulu-Natal, wakati mama yake alipokuwa mtumishi wa nyumbani mjini Durban. (Tunasema *nyanya* kwa makusudi, maana hapa Goma *bibi* ni mke wa mtu na makala haya yangegeuka hadithi nyingine.) Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1996, akafanya kazi ya utumishi wa nyumbani kama mama yake, huku akituma maombi ya masomo kila mahali. Jibu lililokuja lilitoka kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ambalo lilikuwa limeanzisha ufadhili wa kuwafundisha vijana weusi kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa divai, kwa juhudi za mfanyabiashara wa divai Jabulani Ntshangase. Aliitikia kwa sababu ilikuwa nafasi ya kusoma. Mwaka 1999 alifika Stellenbosch.

Divai ya kwanza aliyoionja, kwa maneno yake mwenyewe aliyoyarudia mara nyingi, ilikuwa mbaya kabisa. Jambo hili magazeti hulitaja kama kichekesho. Sisi tunadhani ni ushahidi wa kisayansi: ulimi uliozoea *utshwala*, ambao ni mzito, mchachu na wenye uhai bado, ulikutana na kinywaji cha kung'aa chenye kukausha kinywa, na ukatoa hukumu yake kwa vigezo ulivyokuwa navyo.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa lugha. Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilifundisha kwa Kiafrikana, lugha ambayo Biyela hakuijua. Msomaji anafahamu maana ya Kiafrikana katika madarasa ya Waafrika. Tarehe 16 Juni 1976, miaka miwili kabla hajazaliwa, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha hiyo, na damu ikamwagika. Katika siku zilizofuata, miongoni mwa majengo ya kwanza ambayo vijana hao waliyachoma moto vilikuwamo vilabu vya pombe vya serikali. Lugha na pombe vilishambuliwa pamoja, kwa kuwa vyote viwili vilionekana kuwa vyombo vya utawala mmoja. Miaka ishirini na mitatu baadaye Mzulu mmoja akakaa katika ukumbi wa mihadhara akisikiliza kemia ya uchachukaji kwa Kiafrikana, akategemea vitabu vya Kiingereza na wenzake waliomsaidia, na mwisho wa juma akaenda kufanya kazi katika shamba la Delheim ili aione kwa mikono kazi aliyoshindwa kuisikia kwa masikio. Alihitimu mwaka 2003.

Hapa inabidi tusahihishe jambo. Biyela huitwa "wa kwanza", lakini Carmen Stevens alikuwa amehitimu utengenezaji wa divai katika chuo cha kilimo cha Elsenburg mwaka 1995, baada ya kukataliwa mara kadhaa. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimewaweka watu wa asili yake katika kundi la machotara, na wahesabu wa leo, kwa kutaka au kwa kutojua, wanaendelea kuhesabu kwa makundi yaleyale. Mwanahistoria angefanya vizuri kuwataja wote wawili na kuliacha neno "kwanza" kwa waandishi wa vichwa vya habari.

Mwaka 2004 Biyela aliajiriwa na Stellekaya, kiwanda kidogo cha mjini Stellenbosch kilichoshughulika na divai nyekundu. Jina hilo limeundwa kwa Kilatini *stella*, nyota, na neno la Kizulu na Kixhosa *ikhaya*, nyumbani. Hatuwezi kulipita bila kusimama: ni *kaya* yetu hiyohiyo, ile ya wanasensa na ile ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mmiliki aliyelibuni jina hilo hakuwa akiwafikiria Waswahili, lakini msomi wa Kiswahili akiliona juu ya chupa hapaswi kujiona mgeni.

Wakati huo divai ya Afrika Kusini ilikuwa ikitafuta sifa. Kwa miongo mingi wakulima walilipwa zaidi kwa wingi kuliko kwa ubora, mgao wa uzalishaji uliowekwa mwaka 1957 ukazuia mashamba mapya katika maeneo bora ya baridi hadi ulipofutwa mwaka 1992, na vikwazo vya kimataifa vikafunga masoko. Baada ya 1994 masoko yalifunguka na divai za Rasi zikapimwa kwa vipimo vya dunia. Kilichotakiwa kilikuwa uangalifu: kuchuma zabibu siku yake hasa, kuzuia joto lisipande wakati wa uchachukaji, kujua maganda yakae na maji muda gani ili yatoe rangi bila kutoa uchungu, kuchagua mapipa, na zaidi ya yote kuchanganya. Divai nyekundu za aina ya Stellekaya ni mchanganyiko wa zabibu kadhaa, na anayechanganya hana mashine ya kumwambia basi. Ana ulimi wake na kumbukumbu yake. Mchanganyiko wa kwanza wa Biyela, wa Merlot, Cabernet Sauvignon na Pinotage, ulipata medali ya dhahabu katika mashindano ya Michelangelo mwaka 2006. Mwaka 2009 alichaguliwa kuwa Mtengeneza Divai wa Kike wa Mwaka nchini mwake.

Alipopeleka chupa ya divai yake nyumbani, nyanya yake aliionja na kusema ni nzuri, ingawa uso wake, kama Biyela anavyosimulia, ulisema mengine. Mwaka 2016 aliacha kazi Stellekaya akaanza kujitegemea kwa kampuni aliyoiita Aslina, na mchanganyiko wake mwekundu wa kampuni hiyo akauita *Umsasane*, jina la Kizulu la mgunga wenye kivuli kama mwavuli, ambalo pia lilikuwa jina la utani la nyanya huyo. Amekuwa pia katika bodi ya Pinotage Youth Development Academy, taasisi inayowaandaa vijana kwa kazi za tasnia hii.

Wapo watakaosema kwamba kuandika jina la nyanya juu ya chupa ni ujanja wa kuuzia. Huenda ni hivyo pia. Biashara ni biashara. Lakini tukumbuke kwamba chupa za Rasi zimejaa majina ya mashamba ya mabwana wa karne ya 17 na ya 18, na hakuna aliyewahi kuyaita ujanja. Jina la mwanamke wa Mahlabathini, kutoka jimbo ambalo mapipa ya wanawake yalimwagwa mitaroni, linasomwa kwa namna nyingine na yeyote anayeijua habari ya 1959.

*Ulimi wa kuonjea*

Turudi darasani. Tatizo la wanafunzi wetu halikuwa kubwa katika sehemu ya utengenezaji. Tulipoliweka zoezi mezani upya na kumwomba yule msichana atupe maneno ya mama yake pamoja na yale ya kamusi, orodha ilijaa upesi: *kuvundika*, *kukamua*, *kuchachua*, *chachu*, *kimea*, *povu*, *mashapo*, *machicha*, *kuchuja*. Yote hayo yanafaa pishi la divai bila kubadilishwa hata herufi. Shamba nalo lina *kupogoa* kwa ajili ya kukata matawi ya mzabibu. Kazi ikawa katika kuonja.

Hapa ndipo lugha za Ulaya zinapojivunia utajiri, na hapa ndipo mtaalamu Mwafrika hupewa maneno ya matunda ambayo hajayaona na maua ya bustani za wenyewe. Anayesoma kwamba divai fulani ina harufu ya beri za Ulaya hajaambiwa kitu ikiwa amekulia Rutshuru. Lakini ladha si harufu, na katika ladha Kiswahili kimejaa. Kina *uchachu* wa kitu kilichoumuka, kina *ugwadu* wa tunda bichi kama embe au ubuyu, na kina *ukali* wa kileo chenyewe. Kifaransa hulazimika kuyagawa hayo kwa vivumishi vingi. Na kwa ile *tanin* iliyowashinda wanafunzi wote, yaani kile kinachofanya ulimi ukwaruze na fizi zikauke, Kiswahili kina neno moja zima: *ukakasi*. Ni ladha ya ndizi mbichi. Kila mtoto wa Masisi au wa Bukoba ameijua kabla ya kujua kusoma.

Neno hilo husikika kwa nadra katika Kiswahili cha Goma, na tunakiri kwamba tulilitoa kamusini. Msichana wetu hakulijua. Yeye alitumia neno la Kinande la mama yake, ambalo wenzake kutoka Lubero walilitambua mara moja na wengine hawakulitambua, na ikazuka hoja ndefu juu ya lipi liandikwe. Hoja hiyo haijamalizika. Ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu elimu ya akina mama hao haijaandikwa popote, na mashamba wanayoitegemea yamo hatarini: tangu mnyauko wa bakteria ulipoingia Masisi mwaka 2001, migomba ya pombe imekufa katika vijiji vingi vya Kivu, na vita vimewahamisha wapishi kutoka kwenye mashimo yao ya kuvundikia hadi kwenye kambi ambako hakuna cha kuvundika. Neno la ladha haliishi muda mrefu pasipo kitu cha kuonja.

Kwa sasa tumeamua kwamba orodha itakuwa na safu tatu: Kifaransa, Kiswahili cha kamusi, na neno la aliyepika. Safu ya tatu inajazwa polepole, kila mwanafunzi akienda nyumbani na daftari. Yule kijana wa kwanza alirudi juma lililopita na maneno kumi na moja kutoka kwa nyanya yake wa Walikale, manane kati yake yakihusu povu tu.